Nyumba ya Babu na Deni la Baraza

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba ya babu yangu huko Bwera, methali hii si fumbo hata kidogo. Ufa wenyewe ulianzia juu ya dirisha la sebuleni ukashuka hadi sakafuni. Bibi husema ulitokea siku ya tetemeko la Februari 1994, lile lililotikisa sana upande wa Fort Portal. Babu aliuziba kwa saruji mara mbili, na mara mbili ukarudi. Alipofariki, nyumba pamoja na ufa wake vikawa mali ya kaka yangu, ambaye alikuwa hajamaliza mwaka mmoja tangu aoe.

Kaka na wifi walikuwa wakiishi Kasese mjini katika chumba kimoja cha kupanga. Kaka ni fundi umeme na wifi ni mshonaji. Waliamua kuhamia Bwera, zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, waikarabati nyumba na kuanza maisha humo pamoja na bibi, ambaye yu hai na ana chumba chake cha nyuma. Katika insha hii ninataka kuujadili mzozo uliotokea wakati wa ukarabati huo, kwa sababu ndani yake naona swali la kimaadili linalowahusu vijana wengi. Mtu anaporithi nyumba, anarithi nini hasa? Je, anarithi matofali na mabati tu, ayafanyie atakavyo, au anarithi pia wajibu ambao hakuukubali kwa kinywa chake?

Kwanza niieleze nyumba. Babu alikuwa mchimbaji wa shaba huko Kilembe. Tunajua kwamba mji wa Kasese ulikua kwa sababu ya shaba hiyo. Reli kutoka Kampala ilifika mwaka 1956, na wafanyakazi wa mgodi walijengewa nyumba katika bonde la mto Nyamwamba. Babu aliishi katika nyumba ya kampuni, lakini alijua si yake. Alikuwa akinunua mabati machache kila alipopata mshahara, na katika miaka ya 1970 akajenga kwao Bwera nyumba ya matofali mabichi iliyopigwa plasta. Ina vyumba vinne, jiko la nje, na mbele yake baraza refu lililoezekwa, linalotazama barabara ya kwenda sokoni.

Baraza hilo ndilo lililoleta mzozo. Bwera iko karibu na mpaka wa Mpondwe. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ni Kasindi, nchini Kongo, na siku za soko watu huvuka kwa wingi kuuza na kununua. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni ndugu, na wasioelewana kwa lugha ya nyumbani huelewana kwa Kiswahili. Mvua ya Rwenzori haibishi hodi. Ikianza kuteremka kutoka mlimani, wenye mizigo kichwani hukimbilia baraza la babu, wakasimama mpaka ipite. Hakuna aombaye ruhusa. Bibi huwaita "watu wa mvua".

Wifi alitaka baraza lizibwe. Lijengewe ukuta na dirisha kubwa, liwe chumba cha cherehani. Hoja zake zilikuwa nzito. Sehemu kubwa ya akiba iliyonunua saruji na matofali ya kuchoma ilikuwa yake. Mshonaji asiyeonekana barabarani hapati wateja, na hapakuwa na mahali pengine panapoonekana. Tena, alisema, si jambo jepesi kwa mwanamke kufungua mlango jioni akakuta wanaume asiowajua wameketi hatua tatu kutoka kizingitini. Kaka alikubaliana naye. Nami niliporudi nyumbani likizo nikawaunga mkono. Nilimweleza bibi kwamba dunia imebadilika. Yeye akauliza jambo moja tu: "Mjukuu wangu, chumba ni kizuri. Lakini watu wa mvua watasimama wapi?"

Sikuwa na jibu, na wakati ule niliona ni swali la kizee tu. Leo nadhani lilistahili kuulizwa kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji.

Tuanze na hoja ya upande wetu sisi vijana. Nyumba ni ya walio hai. Marehemu halowi na hahitaji pa kuketi. Mwaka 1789 Thomas Jefferson wa Marekani alimwandikia rafiki yake James Madison kwamba dunia ni ya walio hai, na kwamba waliokufa hawana mamlaka juu yake. Kama kila kizazi kingelazimika kutunza kila ukuta uliojengwa na kizazi kilichotangulia, tungekuwa walinzi wa makumbusho badala ya wenye nyumba. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, hasa na watu wanaoishi juu ya ardhi inayotetemeka, ambako ukuta wa zamani waweza kuua.

Upande wa pili yupo John Mbiti, mwanatheolojia Mkenya aliyefundisha Makerere. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza jinsi Waafrika wengi wanavyouona wakati. Kwa maelezo yake, aliyefariki haingii katika zamani mara moja. Maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina, bado yumo katika sasa. Wapo wasomi waliompinga Mbiti, lakini mtu aliyekaa na bibi yangu jioni moja ataelewa alichokuwa akisema. Kwa bibi, babu hajaenda mbali.

Hata hivyo, tukimkubali Mbiti bado hatujapata jibu kuhusu ukuta. Babu mwenyewe hakuiacha nyumba jinsi ilivyokuwa. Alibadilisha milango, akaongeza dirisha, akahamisha jiko baada ya moto mdogo. Kumheshimu mtu aliyekuwa akirekebisha nyumba kila mwaka hakuwezi kuwa ni kuigandisha nyumba hiyo. Wanafalsafa wana mfano wa kale, ulioandikwa na Plutarch, kuhusu meli ya Theseus. Waathene waliitunza kwa kubadilisha kila ubao ulipooza, mpaka watu wakabishana kama bado ni meli ile ile. Nyumba ya Bwera nayo sasa ina matofali mapya upande mmoja na mabati mapya upande mwingine. Je, ni nyumba ya babu? Naona swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu matofali. Lazima tuulize nyumba ilikuwa ikifanya nini, na kwa ajili ya nani.

Hapa sheria inatusaidia, lakini inatufikisha nusu ya njia. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2004, inamzuia mtu kuuza ardhi ambayo familia inaishi bila ridhaa ya mwenzi wake. Maana yake ni kwamba makao hayahesabiwi kama mali ya kawaida. Mwenye hati hayuko peke yake, kwani wanaoitegemea nyumba wana sauti. Sheria inasimama kwa mke au mume. Swali la bibi linavuka hapo na kuwafikia wapita njia. Je, mtu asiye wa ukoo, ambaye hata jina lake hatulijui, anaweza kuwa na dai lolote juu ya baraza letu?

Jibu langu la kwanza lilikuwa hapana. Nilisema kwamba babu aliwapa watu wa mvua zawadi, na zawadi hairithiwi kama deni. Aliyekupa maziwa leo hawajibiki kukupa kesho, sembuse mtoto wake. Nililishikilia jibu hilo mpaka bibi aliponisimulia habari ambayo sisi wajukuu hatukuwahi kuisikia.

Novemba 1996, waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe na Bwera, babu na bibi walikimbia na watoto kuelekea Kasese. Usiku wa pili mvua kubwa iliwakuta njiani. Waliona baraza, wakapanda na kulala hapo. Asubuhi walikuta sufuria ya uji karibu na mlango, na mwenye nyumba alikuwa ameshatoka kwenda shambani. Hawakumwona uso wala kupata jina lake. Waliporudi Bwera, kabla hata ya kurekebisha vitu vya ndani, babu alilirefusha baraza kwa hatua nne.

Kwa hiyo haikuwa zawadi. Babu alikuwa akilipa deni, na kwa kuwa hakumjua mdai wake, aliwalipa wale waliosimama mahali alipokuwa amesimama yeye. Nikakumbuka siku ya mazishi. Kama ilivyo desturi, msemaji wa familia alitangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze. Walijitokeza wawili, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na jirani mmoja. Kaka aliahidi mbele ya waombolezaji kuwalipa, na aliwalipa. Yule mwenye uji hakuwepo, na hata angekuwepo asingejua kwamba anadai.

Hoja yangu basi ni hii. Mrithi anapokea mali pamoja na madeni, na hatuoni ajabu kumdai kaka fedha za saruji ambazo hakuzikopa yeye. Deni la baraza ni la aina hiyo hiyo, isipokuwa halina karatasi wala shahidi. Kukosa karatasi kunalifanya liwe rahisi kukwepwa, lakini hakulifuti. Tena kaka si mgeni katika deni hilo, kwani baba yetu alikuwa mmoja wa watoto waliolala pakavu usiku ule. Na katika wilaya yetu hakuna anayejua zamu yake itafika lini. Nyamwamba ilipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, waliokuwa na nyumba imara Kilembe walikuwa watu wa mvua kabla ya siku kwisha.

Lakini kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita haraka, nalo linamhusu wifi. Yeye hakulala kwenye baraza lile, wala baba yake hakulala. Kwa nini akiba yake na kazi yake vilipe deni la ukoo alioolewa? Tena ukarimu wa nyumba nyingi za kwetu una siri moja. Sifa za baraza zilikuwa za babu, lakini ufagio ulikuwa mkononi mwa bibi. Yeye ndiye aliyefagia matope kila mvua ilipopita. Tukisema kwamba mila idumu, kisha tukamwachia mwanamke mgeni gharama yote, tutakuwa tumelipa deni moja kwa kuanzisha jingine. Methali inasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lazima tuulize ni mwenyeji gani anayepona, na ni yupi anayechoka.

Kwa hiyo naona masharti mawili. La kwanza, mrithi ana haki ya kubadilisha umbo la nyumba, lakini akiondoa kitu ambacho wengine wanakitegemea, anawajibika kuweka kingine cha kufanya kazi ile. La pili, gharama ya wajibu huo ibebwe kwanza na yule aliyefaidika na deni, isiangukie mgongo ulio karibu zaidi na ufagio.

Niliyasema haya mbele yao wote, kwa aibu kidogo, maana nilikuwa nimebadili upande. Walijadiliana siku nyingi. Mwishowe ukuta wenye ufa ulibomolewa, jambo ambalo hakuna aliyelipinga, na ukajengwa mwingine ndani zaidi. Chumba cha cherehani kilichukua nusu ya baraza na kipande cha sebule. Nusu iliyobaki imeachwa wazi, ina benchi, na mlango wa nyumba umehamishiwa ubavuni ili wifi asifungukie watu asiowajua. Kufagia matope ni kazi ya kaka. Sebule imekuwa ndogo kiasi kwamba wageni watatu wakiketi magoti yanagusana.

Wapo watakaosema kwamba wifi amepata faida, kwa kuwa anayesubiri mvua huona nguo zilizotundikwa dirishani. Ni kweli kwamba mmoja au wawili wamerudi na vitambaa. Sitaki kuitegemea hoja hiyo. Tukitimiza wajibu kwa sababu unaleta wateja, tutauacha siku wateja watakapokosekana.

Wala sitaki kuonyesha kwamba mambo yamekwisha vizuri kabisa. Likizo iliyopita mvua ilinyesha siku ya soko. Benchi la zamani lilikuwa likiketisha watu kumi, hili linaketisha watano. Wengine walisimama wamebanana, na wawili waliokuwa mwishoni, mama mmoja na binti yake mwenye kapu la dagaa, walilowa mgongo upande mmoja. Bibi aliwatazama kutoka dirishani asiseme neno. Kaka naye aliwaona. Jioni alitoka nje na futi, akapima kutoka ukingo wa paa hadi kwenye mfereji wa barabara, kisha akaniuliza bati moja siku hizi linauzwa shilingi ngapi Kasese.