Mwili si Rehani

Katika nchi ya Walikale, mashariki mwa Kongo, ambako Omate inajulikana kwa dhahabu yake kuliko kwa jambo lolote jingine, karani aketiye mlangoni pa kituo cha afya, akipokea malipo ya fishi, yaani kadi ya mgonjwa, ya vipimo na ya dawa, hujibu kwa mikono yake kila asubuhi swali ambalo wanachuoni wamelidurusu karne nyingi: je, ni halali kumdai mtu fedha naye yumo katika dhiki ya mwili?

Nasema kudai ni halali, lakini si halali kuufanya mwili wa mgonjwa kuwa rehani ya deni; na kati ya mambo haya mawili, yaliyokaribiana hata mwenye haraka huyaona kuwa ni moja, ndipo ulipo mpaka wa haki na dhuluma.

Wala si insafu kumtwika karani lawama zote. Wauguzi wengi wa Kongo hawapati mshahara wa serikali, au hupata posho isiyotosha hata kitoweo, basi kile akipokeacho karani ndicho kinunuacho sabuni, na ndicho kiwalishacho wale wakeshao na wagonjwa. Mawaziri wa afya wa Afrika, walipokutana Bamako mwaka 1987 wakaridhia wananchi wachangie gharama za dawa, hawakuwa na nia mbaya, kwani kabati tupu halimponyi tajiri wala fakiri.

Dhuluma huingia pale mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, akiisha kupona, anapoambiwa hatoki na mwanawe hata nduguze wauze mbuzi au shamba. Jambo hili katika Kongo limezoeleka hata watu hulisimulia bila kushtuka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua, katika shauri la wanawake wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, kwamba kuzuiliwa huko kulivunja haki zao. Uamuzi huo ni mpya, lakini hoja yake ni kongwe: Torati ilikataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa atwaaye jiwe hilo ametwaa uhai wa mwenyewe, na Kurani inaamuru mdeni aliye katika ugumu apewe muhula hadi apate wasaa. Ikiwa jiwe halitwaliwi, mzazi na kichanga chake watatwaliwaje?

Katika Injili ya Luka, wahubiri humsifu Msamaria na kumpita upesi yule mwenye nyumba ya wageni, ambaye mimi namwona kuwa ndiye karani wetu. Alipokea dinari mbili wala hakutenda dhambi. Kisha akakubali kumtunza majeruhi kwa ahadi tu, kwamba kitakachozidi kitalipwa Msamaria atakaporejea. Deni lilimkalia mzima aliyejitolea dhamana, halikumkalia aliyelala na majeraha. Sultani Qalawun, alipojenga hospitali yake Kairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu wa mali ili wakfu huo usimame mahali pa Msamaria, na mgonjwa asiulizwe kitu. Katika hospitali ya Masisi, huko huko Kongo, Madaktari Wasio na Mipaka wametibu watu bure tangu mwaka 2007, na dhamana yao ni sadaka za watu wa mbali. Ni neema kubwa, lakini mgeni hujitayarishia safari, na siku aondokapo meza ya malipo hurudi mlangoni.

Basi dhamana ya kudumu itafutwe karibu. Mwaka 2010 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza jinsi makamanda wa jeshi walivyojipatia mapato katika machimbo ya Omate. Mali, kwa hiyo, ilikuwako, na wa kuipokea walikuwako. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza wapokeaji hao wanadaiwa nini na mchimbaji anayefukuliwa chini ya udongo na kufikishwa kituoni akiwa hana hata bei ya fishi. Karani na ampokee, amtibishe, aliandike deni lote bila kupunguza senti, kwa maana dawa zina bei yake. Lakini nashikilia kwamba jina la kuandikwa katika daftari lile, mahali pa mdaiwa, ni la yule aliyekula fungu la shimo.