Ndege Niliyemwona Bila Kumwona

Ndugu msomaji, kabla hujaniuliza mimi ni nani hata nikuhubirie habari ya ukweli, acha niseme mwenyewe: mimi nilidanganya. Nilimaliza kidato cha nne, alama zikakataa kunipeleka mbele, na tangu hapo ninaandika riwaya ndani ya yale madaftari ya jalada gumu. Kuna watu hapa mtaani husema riwaya ni uongo uliopigwa pasi. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, watu wanacheka, nami nacheka. Siku hizi sicheki, na aliyenizuia ni ndege mmoja.

Mjomba wangu ana mashua Ziwa Naivasha. Kazi ya riwaya hailipi, kwa hiyo wageni wakija mimi hubeba mizigo yao, huwashika mkono wasianguke majini, na huwaonyesha viboko. Machi 2023 alikuja mzee mmoja kutoka Ufini. Viboko hakuwataka. Alikuwa na darubini iliyochakaa kamba, daftari dogo na penseli, na alitaka ndege mmoja tu.

Kwetu Machi ni mwezi wa kungoja mvua. Kwa ndege ni mwezi wa kufunga mizigo. Mbayuwayu waliokuja tangu Septemba hujipanga kwenye nyaya za stima kama wanafunzi paredini. Vile vijindege vya matopeni, vyenye uzito wa gramu 25 hivi, hula kutwa nzima vikijiwekea mafuta ya safari ya kwenda mpaka Siberia. Kule kaskazini theluji inaanza kuyeyuka, nao wanaita majira ya machipuko. Watu wa huko hutoka na darubini zao, wakaketi kando ya maziwa ya vijijini mwao kuwapokea. Yaani ndege tunayemwaga sisi ndiye wanayemkaribisha wao. Nilikuwa nimeishi miaka ishirini na kitu kando ya ziwa hili bila kulifikiria jambo hilo hata mara moja.

Mzee yule alikuwa na ziwa lake kwao, na kando ya ziwa kuna msonobari, na juu ya msonobari kuna tundu la osprei, yule kipanga anayeishi kwa samaki. Kila mwaka ndege hao hurudi mwezi wa Aprili, maana barafu isipoyeyuka hawawezi kuvua. Miaka mingi mzee amewapokea pale. Sasa umri umekwenda, akataka japo mara moja amwone osprei upande huu wa safari, kabla hajaondoka. Hakuwa mjinga. Alijua hawezi kuwa yule yule wa kwao. “Hata jamaa yake tu,” aliniambia.

Tulitoka asubuhi tatu. Furukombe tuliwaona mpaka tukachoka, wale wenye kichwa cheupe wanaolia kama wanaita mtu. Mwari, korongo, mnandi, wote wapo. Osprei hakuna. Asubuhi ya tatu, jua limeshapanda, mjomba amezima injini karibu na mafunjo, mzee akainama kufunga kamba ya kiatu. Nikasema: “Yule! Yule pale!” Alipoinua kichwa, nikasema ameshapita nyuma ya mafunjo.

Kwa nini nilisema? Nimejiuliza mara nyingi. Bahashishi, ndiyo, nyumbani kodi ilikuwa imepitisha tarehe. Huruma pia, maana uso wa mzee ulikuwa umeanguka. Lakini kulikuwa na jambo la tatu ambalo naona aibu kulitaja mbele ya waandishi wenzangu: nilitaka kujua kama naweza.

Mzee akaniuliza taratibu, kama daktari. Tumbo rangi gani? Jeupe, nikasema. Usoni? Mstari mweusi umekatiza jicho. Mabawa? Marefu, yamekunjika kiwikoni. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma katika kitabu chake mwenyewe usiku uliopita. Halafu, na hapa ndipo hasa nilipokosa, nikamwongezea kitu ambacho sikuulizwa. Nikasema alikuwa na samaki miguuni, samaki bado anatikisa mkia, na matone ya maji yalikuwa yakidondoka nyuma yake. Hayo matone ndiyo yaliyomaliza kazi. Mzee akafumba macho. Akafungua daftari akaandika tarehe, saa, jina la ndege, na kando yake jina langu: ameonwa na fulani. Hakujiandikia yeye. Kwa watu wa namna hiyo, usichokiona kwa macho yako si chako, hata kama kilipita nusu dakika kabla. Akanipa shilingi elfu mbili. Mjomba hakusema neno, ila tulipofika nchi kavu alinitazama, akasema, “We kijana, macho yako ni makali sana.”

Sasa nikuulize, msomaji: nani aliumia? Ndege hajui. Mzee aliondoka na furaha. Mama alilipa sehemu ya kodi. Na osprei kweli hufika Naivasha miezi hiyo, kwa hiyo huenda mmoja alikuwapo ng’ambo ya pili, tena na samaki wake. Miezi kadhaa nilijitetea hivyo. Nilisoma mahali kwamba Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akibisha mlangoni akimtafuta rafiki yako, usimdanganye. Nikafurahi kumkuta mtu aliyepitiliza hivyo, maana akipitiliza yeye, mimi naonekana wa kawaida. Kwa muuaji mlangoni ningedanganya na ningelala usingizi. Lakini aliyekuwa katika mashua si muuaji. Alikuwa mzee anayefunga kiatu.

Kilichonivunja utetezi kilitoka nisikokutarajia. Riwaya yangu ina sura kuhusu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliopinga reli na utawala wa Waingereza. Nikaenda maktaba kusoma habari za mtu aliyemuua tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa wa kufanya amani. Ni afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen. Alijitetea kwamba alivamiwa, na uchunguzi wa wenzake haukumtia hatiani. Nikageuza ukurasa nikidhani nitasoma vita vingine. Nikakuta ndege!

Mtu huyo alikuwa bingwa wa ndege. Alikusanya maelfu ya ngozi za ndege waliokaushwa, akaziachia makumbusho ya London, na wataalamu walimwamini miaka na miaka. Baada ya kifo chake mwaka 1967 ndipo ilipodhihirika kwamba nyingi aliziiba kwa wakusanyaji wengine, akabandika vibandiko vipya vyenye mahali na tarehe za uongo. Mmoja alikuwa bundi mdogo wa misitu ya India. Ngozi za kweli za bundi huyo zilikuwa zimekoma mwaka 1884. Meinertzhagen akadai amempata mwingine Gujarat mwaka 1914. Miaka ikapita, watu wakimtafuta bundi wasimwone, wakaanza kusema ametoweka duniani. Mtaalamu mmoja, Pamela Rasmussen, akachunguza ile ngozi ya 1914 akagundua ni ya wizi. Akaiweka kando, akarudi kwenye maandishi ya watu waliosema kweli, na Novemba 1997 yeye na wenzake wakamwona bundi huyo, mzima, kwenye tawi, katika India ya kati.

Kibandiko kimoja tu, nacho kikapotosha macho ya watu ambao hata hawakuwa wamezaliwa kilipoandikwa.

Sisemi mimi ni Meinertzhagen. Yeye aliua mtu; mimi nilibuni samaki. Wala sisemi anayedanganya kuhusu ndege ataishia kuua; yeye alianza kwa damu, manyoya yakafuata. Ila nilipofunga kitabu niliona daftari la mzee, na jina langu ndani. Aliniambia orodha zake hazikai kabatini. Huzipeleka kwa wanaotengeneza ramani za ndege, ambao hutegemea watu wasiolipwa walioketi kando ya vijiziwa vyao. Na ziwa letu linabadilika. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamekuwa yakipanda, mwaka 2020 yakaingia nyumba za watu Kihoto, na fukwe za matope ambako vijindege vilikuwa vikila zimezama. Kesho mtu akiuliza ni ndege gani walikuwapo na gani wameondoka, atajibiwa na madaftari. Katika mojawapo mna osprei wangu, na samaki anayetikisa mkia.

Na riwaya je? Nimefikiri sana, na naona hivi: anayefungua riwaya ameshaniruhusu. Tumeingia wote wawili tukijua. Yule mzee hakuniruhusu. Alininyima ruhusa kwa kila swali aliloniuliza, tumbo rangi gani, mabawa vipi, nami nikampa sanaa mahali alipoomba ushahidi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba ile sentensi ya matone bado ni sentensi nzuri kuliko zote nilizowahi kutunga, na siwezi kuitumia popote.

Machi mwaka huu nilikuwa nikienda ziwani alfajiri bila mgeni, na darubini ya kuazima yenye jicho moja bovu. Siku ya tisa nikaona ndege mkubwa mbali sana, mweupe kwa chini, akielekea kaskazini. Mabawa sikuyaona vizuri. Mstari wa jicho sikuuona kabisa. Nikaandika katika daftari: ndege mkubwa, sijui.

Anwani ya mzee ninayo, aliniandikia nyuma ya risiti. Barua nimeipeleka posta wiki iliyopita, ukurasa mmoja, bila mapambo. Nimemwomba afute mstari wenye jina langu. Noti zake mbili nimemwambia nitazirudisha kidogo kidogo, na ya kwanza nimeikunja ndani.