Mamba muntu na mama wa soko: je, tunayo haki ya kubadilisha hadithi za wazee?

Mtu wa Makobola hana haja ya kuelezwa mamba muntu ni nani. Nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu mpaka kiunoni, anakaa juu ya jiwe saa sita ya mchana na kuchana nywele zake. Wazee walitukataza kuoga ziwani saa ile: "Atakuvuta, hautarudi tena." Na yule anayeokota kichanuo chake, wanasema, atapata mali, lakini mali hiyo inadai malipo, na malipo ni mtu wa nyumbani kwako.

Sisi tunaofundisha tumejiuliza mara nyingi: hadithi ya namna hii, je, ni ruhusa kuisimulia au kuichora upya? Au ni kuharibu mila?

Swali hili si letu peke yetu. Wayahudi wanaye Lilith. Katika maandishi ya kati ya karne ya 8 na ya 10, yanayoitwa Alfabeti ya Ben Sira, Lilith ni mke wa kwanza wa Adamu, aliyeumbwa kwa udongo kama yeye. Alikataa kulala chini ya mume wake kwa sababu wote wawili walitoka katika udongo mmoja. Akatamka Jina la Mungu, akaruka, akaenda zake. Malaika watatu walimfuata baharini, akakataa kurudi. Basi akahesabiwa kuwa pepo anayeua watoto wachanga, na watoto wakavikwa hirizi zenye majina ya malaika wale.

Lakini hadithi haikuishia pale. Katika miaka ya 1860, mchoraji Rossetti wa Uingereza alimchora Lilith kama mwanamke mzuri anayechana nywele mbele ya kioo. Kichanuo na kioo, sawasawa na huyu wetu! Mwaka 1972, Judith Plaskow wa Marekani aliandika hadithi mpya ambamo Lilith na Eva wanakutana na kuwa marafiki. Mwaka 1976, wanawake Wayahudi wa New York walianzisha gazeti na kulipa jina lake. Pepo amegeuka kuwa bendera.

Wengine watasema: hao ni watu wa mbali, mila yetu isiguswe. Haya, tuangalie mila yetu yenyewe. Katika miaka ya 1970, kule Lubumbashi, wachoraji wa mtaani walimchora mamba muntu mara nyingi sana, na watu walitundika picha yake katika chumba cha wageni. Alikuwa na ngozi nyeupe, saa mkononi, mkufu shingoni na nyoka kando yake. Kinshasa anaitwa Mami Wata, na Chéri Samba naye amemchora. Mtaalamu Henry Drewal ameonyesha kwamba picha moja iliyoeneza sura ya Mami Wata katika Afrika ilichapwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880: ilikuwa picha ya mwanamke anayecheza na nyoka. Mwaka 1955 ilichapwa tena Bombay, India, kwa ajili ya wafanyabiashara wa Afrika Magharibi. Hatusemi kwamba roho za maji zilitufikia ndani ya karatasi. Wazee walizijua zamani. Tunasema tu kwamba sura yake imechorwa upya zaidi ya mara moja, na mila haikufa.

Basi ruhusa ipo. Kinachobaki ni kujua namna gani tunaitumia, na hapo tutasimulia kosa letu wenyewe. Siku moja tuliwaambia wanafunzi wachore mamba muntu. Kijana mmoja akamchora amekaa sokoni, mbele ya beseni la ndagala, nyoka chini ya kitenge. Darasa lote likacheka, na sisi tukacheka. Msichana mmoja hakucheka. Mama yake anauza ndagala, amejenga nyumba ya mabati, na mtaani wanasema: "Ile mama iko na nyoka yake mu nyumba. Pesa ile si ya bure." Tulielewa tumechelewa. Mwanamke anaamka saa tisa ya usiku kungojea wavuvi, anahesabu kila franka, halafu akifanikiwa tunampa nyoka. Mwanaume akijenga, tunasema ni mjanja.

Maneno kama hayo hayabaki kicheko. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini hii yetu, wanawake waliuawa kule Kabare, Kalehe na Walungu kwa kuitwa wachawi. Kila mmoja wao alianza kusemwa kwanza.

Kuna wazee watakaotujibu: "Mwalimu, woga ule ulituokolea watoto." Ni kweli, na tunawaheshimu. Ziwa linaua: upepo unaua, boti iliyojazwa kupita kiasi inaua, na maji machafu yanaleta kipindupindu ambacho Uvira inakijua sana. Lakini woga wa maji ni kitu kimoja, na woga wa jirani ni kitu kingine. Tena tusiwaige wanaomgeuza pepo kuwa shujaa na kusahau machozi. Nyuma ya Lilith kulikuwa na mama waliozika watoto. Nyuma ya mamba muntu kuna mama wanaosubiri ufukoni. Anayesimulia upya asiyapite maumivu yao.

Na sisi wa Makobola tunajua jambo lingine. Mauaji ya mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999 hayakufanywa na kiumbe cha ziwa. Yalifanywa na watu wenye silaha. Tukimpa pepo kila kifo, tunawasaidia wauaji kujificha.

Kwa hiyo tumechukua kipimo hiki: hadithi isimuliwe, picha ichorwe, mtoto aogope mawimbi, lakini pasiwe na mwanamke hai atakayetembea njiani akionyeshwa kidole kwa ajili ya hadithi ile. Juma lililofuata tuliomba radhi darasani, tukawapa wanafunzi karatasi nyingine. Msichana yule alimchora mamba muntu mgongo, anaangalia ziwa. Tulimuuliza anangojea nini. Akasema: "Anangojea boti, kama wengine."