Swali Ni la Nani?

Vyuo vikuu vinavyopokea wanafunzi wa shahada ya uzamili, na hasa ya uzamivu, humtaka mwombaji aeleze kwa maandishi jambo analokusudia kulichunguza. Ni karatasi moja au mbili tu, lakini wengi hukesha nayo. Walimu vijana huniletea niwasomee, maana mstaafu hudhaniwa ana nafasi (na kweli anayo).

Ugumu wake ni wa kale. Plato ameandika jinsi Meno alivyomkabili Socrates kwa hoja kwamba kitu usichokijua huwezi kukitafuta, kwani hata ukikutana nacho hutakitambua. Mwombaji amewekwa papo hapo: aeleze asichokijua kama mtu anayekijua. Ndiyo maana simlaumu anayebahatisha. Maelezo yale, kwa maoni yangu, ni aina ya ahadi.

Mmoja wa vijana hao, niliyemfahamu tangu chuoni, alinijia. "Shikamoo Mwalimu, nirekebishie Kiingereza tu." Karatasi ilihusu matumizi ya kompyuta katika ufundishaji. Nilishangaa, kwa sababu miaka yote alinisimulia habari moja: watoto waliokuwa wasemaji hodari darasa la saba, waliposomeshwa kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, wananyamaza. Alitaka kujua kama ukimya ule ni wa kutoelewa au wa kuona haya.

"Lile la watoto umeliacha wapi?"

"Lile halina mfadhili, Mwalimu."

Si jibu la kipuuzi. Mtu ana familia, na udadisi haulipi ada. Tena, kulipunguza swali au kulielekeza upande anaoufahamu msimamizi si uongo. Bila msimamizi anayelijua jambo, mwanafunzi hutangatanga. Lakini kuchukua swali usilolijali, ukaandika kwamba limekunyima usingizi, hilo ni jambo jingine. Nani anadhulumiwa hapo? Chuo kitapata tasnifu yake, na mfadhili taarifa yake. Nadhani wanaodhulumiwa ni wale watoto walionyamaza. Swali lilitoka kwao, na wao hawana pa kupeleka maombi.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na baadaye uliachwa. Hata hivyo wazo moja ndani yake bado nalikubali, kwamba kazi humpa mtu maswali. Na aliyepewa swali na kazi yake hawi mwenye nalo peke yake. Kwa kiasi fulani ametumwa.

Nilimweleza hayo. Akasikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na nikikosa nafasi, Mwalimu, watoto hao watafaidika na nini?"

Nilimrekebishia Kiingereza kama alivyoomba. Pembeni, kwa penseli, nikaliandika lile swali lake la zamani.