Zamu ya Maji
Mwanzo 26:12–22, Hesabu 27:1–8



Katika Mwanzo sura ya 26 zimo habari za Isaka alivyopanda katika nchi ya Gerari, naye akavuna mara mia. Wahubiri wengi hupenda kukaa sana katika ile mara mia, na wasikilizaji nao hupenda kukaa huko pamoja nao. Sisi leo twataka kwenda mbele kidogo, hata kwenye visima, maana hapo ndipo mambo yanapofanana na ya huku kwetu Upare. Mara mbili watumishi wa Isaka walipata maji, na mara mbili wenyeji waliyadai kuwa yao. Visima vile akavipa majina ya ugomvi na ya uadui, akavihama. Cha tatu hakikugombewa, naye akakiita Rehobothi, yaani nafasi.

Lakini Isaka alikuwa na mahali pa kuhamia. Sisi hatuna. Mtu wa milima hii akiyaacha maji yake, mbele yake pana mwamba na nyuma yake pana shamba la ndugu yake. Basi twauliza: je, Rehobothi yaweza kupatikana pasipo kuhama? Kwa ajili ya swali hili twawasimulia mwaka mmoja wa nyumba yetu, iliyoko kwenye mteremko kati ya Vudee na Bangalala. Tunaolala nyumbani tu watu kumi na wanne: bibi mwenye boma, wanawe wawili na wake zao, binti yake mmoja aliyefiwa na mume, na wajukuu wanane. Mwana mmoja yuko Makanya katika machimbo ya jasi, wawili wako Moshi na Dar es Salaam, na mabinti wawili wameolewa, mmoja Hedaru, mwingine Mamba, anakolima tangawizi.

Mgeni apitaye Same kwa barabara huona tambarare kavu yenye miiba, ambayo mvua yake ya mwaka mzima ni kama milimita 500 tu. Asipoinua macho hatajua ya kuwa juu, katika msitu wa Shengena, kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, uko ukungu na viko vijito. Vijito hivyo ni vyembamba. Kikiachwa kitiririke chenyewe hata shambani, udongo hukinywa njiani. Kwa sababu hiyo wazee wetu walijenga ndiva, yaani bwawa dogo lenye ukuta wa mawe na udongo. Usiku kucha maji hukusanyika humo. Alfajiri tundu huzibuliwa, nayo hutoka kwa nguvu ya kulifikia hata shamba la mbali. Siku hizi ndiva nyingine zimetiwa saruji, ila kazi yake ni ile ile. Twaona hekima kubwa katika jambo hili. Lakini ndiva haina akili ya kujigawa, na akili hiyo hutakiwa kwa watu. Ndipo ilipotokea zamu.

Mwaka wa mkulima hauanzi Januari. Huanza Oktoba, vuli ikingojewa. Katika mwaka huu tunaousimulia vuli ilinyesha siku chache, ikakatika. Mahindi yalifika magotini, yakaanza kukunja majani ifikapo adhuhuri. Kijito kikapungua, na zamu iliyokuwa ikitufikia siku ya tano ikawa ya siku ya tisa. Tena maji ya asubuhi moja yakagawiwa nyumba mbili. Sisi tuliandikwa pamoja na mama mmoja jirani anayelima peke yake. Zamu ya kwanza ilikuwa yetu, ya pili yake, na nusu ilipimwa kwa kijiti kilichosimamishwa ndani ya ndiva.

Siku ile maji yalipofika kwenye alama, mama yule hakuwapo; alikuwa amekwenda kumwuguza mwanawe hospitalini. Nasi tulikuwa tumebakiza matuta kumi ya mahindi yasiyonyweshwa. Vijana wetu wakamwambia bibi, "Bibi, mwenye zamu hayupo. Tukiziba sasa, kesho ndiva ni ya watu wengine, na maji haya hayatamfaa yeye wala sisi."

Tuseme kweli, hoja hii si ya kipumbavu. Mwizi ajuaye kwamba aiba ni rahisi kumwonya. Aliye hatarini ni mtu mwema aliyepata sababu nzuri. Nao watoto walikuwa wakila makande mara moja kwa siku, jambo ambalo kila mmoja pale mferejini alilijua.

Bibi akajibu, "Wajukuu wangu, maji yana mwenyewe hata akiwa hayupo. Geuzeni mfereji uende kwake." Wakaugeuza, wakanywesha maharage ya yule mama tangu tuta la kwanza hata la mwisho, nao walikuwa wakinung'unika. Matuta yetu kumi yalikauka. Hatukuyavuna, wala hatukulipwa kwa njia nyingine yoyote. Twalisema hili waziwazi kwa kuwa yako masimulizi mengi ya dini ambayo ndani yake mtu atoaye shilingi asubuhi huokota mia jioni. Haikuwa hivyo. Mama yule aliporudi alishukuru, akatuletea bakuli moja la maharage mabichi, na mmoja wa vijana asema hata leo kwamba tungaliweza kugawana naye.

Walimu wa kipaimara wanaweza kulitumia jambo hili katika amri ya saba. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuona kwamba inatosha kutotwaa mali ya jirani. Alitaka pia tumsaidie kuitunza na kuistawisha. Na katika ombi la mkate wa kila siku, alipohesabu chakula, mavazi, shamba na mifugo, aliweka humo humo majirani waaminifu. Tumelikariri neno hilo tangu utoto. Mwaka ule ndipo tulipoona kuwa jirani amo ndani ya mkate wenyewe. Maana ndiva moja haijengwi na nyumba moja, wala haitunzwi na nyumba moja, na siku jirani atakapoona ya kuwa zamu haina maana, hatakuja na jembe ukuta ukibomoka.

Krismasi ikafika, na watoto wa mjini wakaja kwa basi wakiwa na sukari na nguo. Ilikuwa furaha kubwa. Lakini siku ya tatu ndugu wanaume walitoka na kamba, wakalipima shamba la marehemu baba yao, ekari sita, wakaligawa mafungu matano. Wana ni watano. Mabinti watatu hawakutajwa, hata yule aliyerudi nyumbani, ambaye mikono yake ndiyo ilimayo ekari mbili za shamba lile kila mwaka.

Usiku, katika sala ya nyumbani, bibi aliomba isomwe Hesabu sura ya 27. Humo binti watano wa Selofehadi wanasimama mbele ya Musa na kuhani na mkutano wote, wakidai urithi wa baba yao aliyekufa bila mwana wa kiume. Musa hakuwafukuza, wala hakujibu kwa desturi aliyoizoea. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, na jibu likawa kwamba wamedai haki. Kaka mmoja akasema kwa upole kwamba Selofehadi hakuwa na wana, bali baba yetu alikuwa nao watano. Neno lake ni la kweli, nasi hatupendi kuyapindisha Maandiko yaseme zaidi ya yaliyosema. Lakini yamesema wazi kwamba desturi ya mababa yaweza kuletwa mbele za Mungu na kuulizwa. Tena serikali yetu, katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20, imesema kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi haina nguvu. Ingekuwa aibu kwa Wakristo kungoja kufundishwa haki na bunge, kisha wasiifuate.

Neno lile halikuisha usiku ule. Mwenye Dar es Salaam alisema fungu lake alimwachie dada yake, kwa kuwa yeye hana jembe. Mwingine alisema fungu litolewalo kwa huruma si urithi. Kwetu sisi, huyu wa pili ndiye aliyesema vema.

Masika ilikuja Machi, ikanyesha vizuri. Kipindi hicho hatuna mengi ya kusimulia: palizi, nyani, kikohozi cha watoto. Julai na Agosti tukavuna, na katika Sikukuu ya Mavuno tukapeleka kanisani debe la mahindi, mkungu wa ndizi na jogoo. Baada ya ibada vitu vikapigwa mnada kama ilivyo kawaida. Jogoo wetu alinunuliwa mara tatu, maana kila aliyemnunua alimrudisha auzwe tena. Bila shaka jogoo yule ametoa sadaka kuliko baadhi yetu.

Septemba ilipigwa baragumu ya msaragambo, kazi ya watu wote ya kuondoa tope katika ndiva kabla ya vuli. Kila nyumba hudaiwa mtu mmoja. Sisi tulikwenda wanne, na mama yule jirani akaja mwenyewe na karai. Tope lilikuwa likifika magotini. Jioni karani akasoma orodha mpya ya zamu, na kijana wetu aliyekuwa akinung'unika akachaguliwa kukishika kijiti cha kupimia.

Ndugu wote watakutana tena Krismasi ijayo, na safari hii dada zao wa Hedaru na Mamba wameitwa kwa barua. Kamba ya kupimia imetundikwa jikoni kwa bibi. Ndugu mmoja bado hajakubali mafungu manane. Twawaomba mtukumbuke katika sala zenu kabla ya siku hiyo.