Njeri Aliponyamazishwa: Zawadi na Amana katika Uundaji wa Programu ya Miswada ya Filamu

Makala haya yanashughulikia swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana kuwa si la mhakiki wa fasihi. Mtu mmoja, bila ya kuajiriwa wala kulipwa na yeyote, anaketi usiku baada ya kazi zake za mchana na kuunda programu ya tarakilishi ya kuandikia miswada ya filamu. Anaikamilisha kwa kadiri ya uwezo wake, kisha anaitoa bure. Je, mtu huyu anadaiwa nini na wale wanaoitumia? Jibu lililozoeleka ni kwamba hadaiwi chochote, maadamu hakupokea chochote. Nia yetu ni kuonyesha kwamba jibu hilo limekosea, na kwamba kosa lake linatokana na kuuangalia upande mmoja tu wa tendo lenyewe.

Mwandishi wa makala haya ana sababu ya kulizua swali hili. Kwa muda wa miaka minne amekuwa mmoja wa watu hao, na madhara yatakayosimuliwa hapa yalitokana na mkono wake mwenyewe.

Tuanze na utanzu wenyewe, kwa kuwa wahakiki wetu hawajauzoea kama walivyoizoea tamthilia ya jukwaani. Mswada wa filamu una umbo lililokazwa mno. Umbo hilo lilizaliwa na taipureta pamoja na mahitaji ya studio za Hollywood: chapa ya Courier yenye herufi 10 kwa kila inchi, vichwa vya maonyesho vinavyoandikwa kwa herufi kubwa na kueleza kama tendo liko ndani au nje, ni mahali gani na ni wakati gani, jina la mhusika likikaa peke yake juu ya maneno yake, na maneno yenyewe yakipangwa katika safu nyembamba katikati ya ukurasa. Kaida hizi si pambo. Watayarishaji hukadiria kwamba ukurasa mmoja ulioandikwa hivyo ni takriban dakika moja ya filamu, na kutokana na vichwa vya maonyesho hukokotoa siku za kupiga picha na gharama zake. Ndiyo maana programu za kazi hii zilianza kutungwa mapema. Scriptor ya miaka ya 1980 ilikuwa miongoni mwa za kwanza, na mwaka 1994 waundaji wake walitunukiwa tuzo ya kiufundi ya akademia ya filamu ya Marekani. Final Draft ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ikaja kuwa kipimo cha tasnia nzima. Lakini hizo ni bidhaa za kuuzwa, na bei yake huhesabiwa kwa dola.

Sababu yangu ya kuunda programu nyingine ilikuwa duni. Nilichoka kusahihisha miswada ya wanafunzi ambamo kila jina la mhusika lilikuwa limesukumwa katikati ya ukurasa kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara 30.

Nilichokigundua katika miezi ya mwanzo ni kwamba aundaye programu ya namna hii anaandika nadharia ya utanzu bila ya kujua. Programu inausoma mstari na kuamua: hiki ni kichwa cha onyesho, hili ni jina la mhusika, huu ni usemi, haya ni maelezo. Uamuzi huo unahitaji kanuni. Katika kaida za Fountain, mfumo wa uandishi ulioasisiwa mwaka 2012 na mwandishi wa filamu John August pamoja na Stu Maschwitz na wenzao, mstari unaoanza kwa INT au EXT ni kichwa cha onyesho. Nao mstari wa herufi kubwa tupu, usiofuatwa na mstari mtupu, ni jina la mhusika. Kwa mwandishi wa Kiingereza kanuni hizi hazionekani kabisa, kwani zinaafikiana na mazoea yake. Mwandishi wa Kiswahili huandika NDANI na NJE. Ni kweli kwamba Fountain inamruhusu kuanza mstari kwa nukta ili kuilazimisha programu ikubali, lakini mwanafunzi asiyeijua nukta hiyo, na ambaye hana mazoea ya kuacha mstari mtupu, atajikuta na mhusika mpya. Katika toleo la kwanza la programu yangu, nililolijenga juu ya kaida hizo hizo, mhusika aliyesema mengi kuliko wote katika kila mswada alikuwa Bwana Ndani.

Msomaji wa ushairi wetu hatashangaa. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipoziandika sheria za kutunga mashairi katika kitabu chake cha mwaka 1954, naye alikuwa mtu mmoja aliyeyapa mazoea ya wengi sura ya kanuni, na mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu mashairi huru hayaeleweki bila ya kanuni hizo. Lakini tofauti ni kubwa. Kitabu cha sheria hukaa rafuni. Mshairi huweza kukisoma, akakikataa, akatunga apendavyo, na hukumu ikaja baadaye kutoka kwa wasomaji. Kanuni ya programu hutekelezwa mkono wa mwandishi ungali kwenye kibodi.

Nikatoa toleo la pili. Kanuni niliyoiongeza ilikuwa fupi: mstari wowote wa herufi kubwa unaoanza kwa NDANI au NJE ni kichwa cha onyesho. Msomaji Mkenya ameshaliona kosa.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili alikuwa ameandika kurasa 93 kwa toleo la kwanza. Mhusika wake mkuu aliitwa Njeri. Alipolifungua faili lake kwa toleo jipya, programu iliziona herufi tatu za mwanzo za jina hilo na kuamua kwamba kila mahali aliposema Njeri ni onyesho jipya la nje. Maneno yake, kwa kuwa sasa yalikuwa chini ya kichwa cha onyesho, yakawa maelezo. Programu ikayaunganisha na maelezo yaliyoyafuata katika aya moja, kwa sababu nilikuwa nimeiagiza isiache aya mbili za maelezo zilizotenganishwa ovyo. Kisha mwanafunzi akahifadhi, na faili la zamani likafutika chini ya jipya. Hakuwa na nakala nyingine isipokuwa kurasa 40 za kwanza alizokuwa amezichapisha. Aliingia ofisini kwangu akasema, "Mwalimu, Njeri amepotea."

Inafaa tuseme kwa usahihi ni kitu gani kilichopotea. Hakuna hata neno moja lililofutika. Kilichofutika ni mpaka kati ya sauti ya Njeri na sauti ya mswada, yaani mahali anaponyamaza na maelezo yanapoanza. Tulikaa pamoja siku tatu tukijaribu kuurejesha. Palipokuwa na nafsi ya kwanza kazi ilikuwa rahisi. Lakini maelezo ya mswada wa filamu huandikwa kwa wakati uliopo, katika nafsi ya tatu, na Njeri alikuwa mhusika wa kuchungulia dirishani na kuwaarifu wadogo zake anachokiona. "Mama anaingia." Nani kasema? Ikiwa ni maelezo, tunamwona mama kwenye skrini. Ikiwa ni usemi wa Njeri, huenda mama haonekani kabisa, na huenda hata hajaingia. Katika mahali kadhaa mtunzi mwenyewe hakukumbuka, na ikambidi aamue upya. Nilimsikia akijiuliza kama huo ulikuwa ni urejeshaji au utunzi. Sikuwa na la kumwambia.

Tukirudi kwenye swali letu, utetezi wangu ulikuwa tayari, na ni utetezi unaotumiwa na karibu wote wanaotoa programu zao bure. Leseni za programu huria, GPL ikiwa miongoni mwao, husema wazi kwamba kitu kinatolewa kama kilivyo, bila ya dhamana, kwa kadiri sheria inavyoruhusu. Wahenga nao wanaelekea kuuunga mkono upande huo: ukipewa shubiri usichukue pima. Mtoaji hakuahidi kitu, na deni huja kwa ahadi. Tena mpokeaji ana wajibu wake. Mwandishi asiyeweka nakala ya kazi yake amezembea, na uzembe wake si mzigo wa mwingine.

Hoja hizi zina nguvu kwa jambo moja tu: programu yenyewe. Kwa hakika sikuwa na deni la kuifanya iwe bora, wala kuiongezea mambo, wala kuijibu kila barua ya malalamiko. Anayelalamika kwamba programu ya bure haina rangi aipendayo amechukua pima. Lakini utetezi huu unachukulia kwamba kulikuwa na tendo moja, la mimi kutoa na yeye kupokea. Yalikuwa mawili. Mimi nilimpa programu; yeye akanipa mswada. Katika tendo la pili mimi ndiye niliyepokea, na nilichokipokea hakikuwa zawadi. Kilikuwa amana.

Sheria ya amana, kama inavyoeleweka katika jamii za Waswahili na katika fikra za Kiislamu zilizoilea, haina uhusiano na malipo. Aliyeachiwa kitu akitunze aghalabu halipwi, na kutolipwa hakumpi ruhusa ya kukigeuza. Mnakili wa tenzi alikuwa katika hali hiyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia miswada wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, alikuwa mshairi yeye mwenyewe. Lakini alipoandika utungo wa mwingine, mwanzo na mwisho wa kila ubeti wa mtu yule vilikuwa mikononi mwake. Leo tunamsoma mtunzi kwa kuuamini mkono wa mnakili.

Pana pingamizi ambalo haliwezi kupuuzwa. Amana haisihi bila ya kukubaliwa. Mtu hawezi kuniachia mzigo mlangoni nikiwa nimelala, kisha akanidai. Je, ni lini niliukubali mswada wa mwanafunzi yule? Nililifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na jibu nililipata katika menyu ya programu yangu mwenyewe. Pale ambapo mwandishi hubonyeza ili kazi yake isipotee, niliandika neno Hifadhi. Hakuna aliyenilazimisha. Katika Kiswahili mtu huhifadhi mali ya yatima, huhifadhi aliyekimbilia kwake, huhifadhi Kurani moyoni. Mwenye kuliandika neno hilo mlangoni pake ameshasema kwamba anapokea.

Yawezekana kusemwa kwamba tukifuata mantiki hii hapatakuwa na mtu atakayethubutu kuunda chochote, kwa kuwa atakuwa amejifunga maisha. Binadamu huchoka, hupata watoto, huhamishwa kazi, hufa. Nadhani pingamizi hili linachanganya kuitunza amana na kuishika milele. Amana hurudishwa. Trelby, programu huria ya miswada iliyoandikwa kwa lugha ya Python na kwa sehemu kubwa na mtu mmoja, ilitoa toleo lake la 2.2 mwaka 2012, kisha ukaja ukimya mrefu. Python 2, iliyoitegemea, ilikoma kudumishwa mwanzoni mwa mwaka 2020. Programu hiyo ingeweza kuwa kaburi la miswada. Haikuwa hivyo, kwa kuwa matini yake ilikuwa wazi chini ya leseni ya GPL, na watu wengine wakaichukua na kuihamishia Python 3. Muundaji hakulazimika kubaki zamuni. Alikuwa ameacha mlango wazi.

Hata hivyo, nisingependa kuusifu uwazi wa matini ya programu kupita kiasi. Mwandishi wa filamu hasomi Python. Uwazi unaomhusu yeye ni wa faili lake, na hapa ndipo ninapoiona Fountain kuwa na uzito wa kimaadili unaozidi ule wa kiufundi: mswada wake ni maandishi ya kawaida yanayoweza kufunguliwa kwa programu yoyote ya maandishi, hata ile aliyeubuni mfumo hakuwahi kuijua. Anayemkabidhi mwenzake kazi katika umbo hilo amemkabidhi kitu ambacho tayari kimekwisha kurudishwa. Faili la toleo langu la pili lilisomeka kwa programu yangu tu. Nililipanga hivyo kwa sababu lilikuwa jepesi kuandikwa, na kwa sababu, nikisema kweli, nilifurahia kuwa na umbo la faili lililo langu.

Toleo la sasa huandika maandishi ya kawaida, na huiacha nakala ya jana kando ya ile ya leo. Ikikutana na mstari isioufahamu haiubadilishi. Huuacha ulivyo na kumwuliza mwandishi. Wanafunzi wanasema inauliza mno. Mswada wa Njeri ulikamilika mwaka uliofuata. Ile "Mama anaingia" ya onyesho la 31 mtunzi aliirudisha kinywani mwa Njeri. Wiki moja baadaye aliniandikia kwamba ameihamishia kwenye maelezo, na mwezi uliofuata nikaiona, katika nakala aliyowasilisha, iko tena kwa Njeri.