Alimwita Mama
Neno la Jumapili: 1 Timotheo 5:1-2, Yohana 4:5-42

Leo nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi tunaliona dogo: mdomo wetu tunapokutana na mwanamke tusiyemjua.

Majuzi nilikuwa stejini na binti yangu, tunangoja matatu. Vijana wanaoita abiria wakaanza: "Supuu, kuja hapa! Mrembo, unaenda tao?" Mmoja akamshika mkono. Wapendwa, nilipandwa na hasira. Nikamkemea yule kijana, nikamwambia huyu ni mtoto wa mtu. Tulipoketi ndani ya gari, binti yangu akaniambia polepole, "Lakini baba, hata wewe yule mama wa mboga ulimwambia tu, 'Wewe, sukuma ni ngapi?' Hukumsalimia." Nikanyamaza. Roho Mtakatifu alikuwa amenihubiria kupitia mtoto wangu.

Paulo alimwandikia Timotheo, mchungaji kijana, namna ya kukaa na watu. Wanawake wazee awachukue kama mama zake, na wale vijana kama dada zake, tena kwa usafi. Hapo kwa usafi ndipo wengi tunaanguka. Unaweza kusema "siz" kwa mdomo, huku macho yanasema mengine. Dada yako wa tumbo moja hungemwangalia hivyo!

Sasa twende kisimani, Samaria. Ni saa sita mchana, Yesu amechoka, ameketi. Anakuja mwanamke, hawajuani. Wayahudi na Wasamaria hawakuwa wakichangamana, na hata wanafunzi waliporudi walishangaa kumkuta akiongea na mwanamke. Yesu alianza kwa kumwomba maji, hakuanza na mzaha. Na maisha yake aliyajua yote, waume watano na yule wa sita asiye wake. Angeweza kumwita jina lolote baya. Lakini fungua mstari wa 21 katika Biblia yako ya Kiswahili uone alivyomwita: Mama. Halafu fungua Yohana 19:26, pale msalabani. Maria aliyemzaa anamwita vivyo hivyo: Mama. Ile heshima aliyompa mzazi wake, alikuwa ameshampa mgeni wa kisimani. Sema Amina!

Yule mama akaacha mtungi wake, akaenda kuita watu wa mji, na wengi wakaamini. Je, kama angeitwa vibaya pale kisimani, angekaa kusikiliza?

Mtu ataniuliza, "Sasa pastor, niseme nini?" Anza na salamu. "Habari yako, mama." Ukitaka kuuliza njia, "Samahani, dada." Ofisini, "madam" ni sawa. Kama umri wake huujui, sema tu "Samahani, habari yako?" Salamu nzuri haimkosei mtu. Na mkono wako ubaki kwako.

Ninyi wahudumu wa mlangoni, mgeni akiingia msimuulize, "Mama nani?" Kuna aliyemzika mtoto wake juzi. Kuna anayelia mbele za Mungu miaka mingi kama Hana. Muulize, "Tukuite nani?" Atakwambia mwenyewe.

Kesho yake nilirudi kwa yule mama wa mboga. Nikamwambia, "Habari ya asubuhi, mama. Jana sikukusalimia, naomba unisamehe." Akaniangalia sana, kisha akacheka. Wakati anakata sukuma akaniuliza, "Kwani wewe unasali kanisa gani?" Nikamwambia, na nikamkaribisha. Lakini moyoni nilimshukuru Mungu kwamba swali hilo hakuniuliza jana yake.

Tuombe. Baba, tusamehe kwa wale tuliowaita vibaya njiani, sokoni na kwenye matatu. Safisha midomo yetu, safisha na macho yetu. Wiki hii mgeni akutane na sisi, aone kwamba tumekaa na Yesu. Amina.